Chumba cha Kushonea cha Jeanette

Mzee Milo Vangsness alipohamia makao ya wazee mwezi wa nane, akiwa na miaka themanini na sita na nyonga ya chuma, nyumba yake ya Mtaa wa Cedar ilibaki mikononi mwa binti yake Ardis. Si kwamba Ardis aliiomba kazi hiyo. Mdogo wake, Curt, alikuwa anauza matrekta na mashine za kuvunia mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka hapo, na Ardis alikaa mitaa minne tu kutoka kwa baba yake. Isitoshe, aliendesha basi la shule, na dereva wa basi la shule ana pengo kubwa katikati ya siku. Basi kila asubuhi akishashusha watoto alikwenda Mtaa wa Cedar kufungasha vitu kwenye maboksi, mpaka saa nane mchana aliporudi kwenye usukani.

Kufikia katikati ya Oktoba alikuwa amemaliza juu na kuanza chini. Nyumba nyingi za Minnesota zina vyumba chini ya ardhi, na cha baba yake kilikuwa na friza kubwa, meza ya useremala, rafu za makopo ya rangi, na pembeni, nyuma ya mlango wa mbao uliopakwa rangi ya maziwa, chumba alichokuwa akishonea mama yake. Cherehani ilikuwa imeondoka zamani, lakini rafu za nyuzi zilikuwepo bado, na sakafu ilikuwa na alama nne ambapo miguu ya meza ilikaa.

Siku hiyo Ardis alitaka kuzima umeme wa friza. Akafungua mlango wa kisanduku cha swichi ukutani, na ndani ya mlango huo, pamoja na mchoro wa nyaya ambao baba yake aliuchora mwenyewe kwa rula, akakuta bahasha imebandikwa kwa utepe wa fundi umeme. Utepe ulikuwa umekauka kama jani. Bahasha ikamwangukia mkononi.

Ilikuwa barua kutoka maabara, ya Februari 1993. Vipimo vya gesi ya radoni. Matokeo: 19.4. Chini yake, kwa herufi ndogo, maabara ilieleza kwamba kuanzia 4 mwenye nyumba anashauriwa kuchukua hatua. Pembeni baba yake alikuwa ameandika kwa penseli: *chini, chumba cha J.*

Hakuna mtu wa sehemu zile anayehitaji kufundishwa radoni ni nini. Vipeperushi vyake viko kwa daktari, viko maktaba, viko kwenye meza za maonyesho ya kilimo. Ni gesi isiyo na rangi wala harufu. Inapanda kutoka kwenye mawe na udongo, inapenya nyufa za sakafu, inakaa vyumba vya chini, na mtu akiivuta miaka mingi inamla mapafu. Ardis alikuwa amesoma hayo yote mara mia, kama mtu anavyosoma maandishi ya pakiti ya unga.

Akakaa juu ya friza. J. ni Jeanette, mama yake. Jeanette alishona chumbani mle kuanzia mwaka 1993 mpaka 2001: magauni ya maharusi, sare za bendi ya shule, mablanketi ya viraka ya kanisani. Saa sita kwa siku, wakati mwingine nane. Saratani ya mapafu iligunduliwa Septemba ya 2001 na akafa Februari iliyofuata, akiwa na miaka hamsini na tisa. Katika maisha yake yote hakuwahi kuvuta sigara hata moja.

Ardis alitazama saa. Ilikuwa saa saba na nusu. Akairudisha barua kwenye bahasha, akaitia mkobani, akaenda kuchukua watoto. Jioni aligundua kwamba friza hakuizima.

Curt alikuja Jumamosi na tela, kuchukua meza ya useremala. Ardis alimwonyesha ile barua kabla hawajaibeba meza. Curt aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akamrudishia.

"Choma," akasema.

"Nichome?"

"Choma, chana, mpe mbwa ale. Karatasi ina miaka thelathini, dada. Hata nyumba yenyewe si ile tena. Madirisha yamebadilishwa, milango imebadilishwa."

"Sakafu haijabadilishwa."

"Sasa unataka nini? Tuweke bango nje? Karibuni, nyumba ya sumu?"

"Mama alikaa humu miaka minane, Curt."

"Na baba alivuta pakiti nzima kwa siku mpaka mwaka themanini, ndani ya gari, madirisha yamefungwa, na sisi nyuma tunakohoa. Mbona husemi moshi wa baba, unasema udongo?"

"Sijasema kitu. Nimeshika karatasi tu."

"Ndiyo tabia yako hiyo. Tulipokuwa wadogo, ukivunja kitu hukimbii, unasimama na vipande mkononi mpaka mtu aje."

"Na wewe ulikuwa umeshafika kwa jirani."

Curt alicheka bila kutaka. Kisha akasema, kwa sauti ya chini kuliko ile ya mwanzo, kwamba makao ya wazee yana gharama yake kila mwezi, na nyumba ndiyo itakayoilipa, na kwamba mtu mwenye akili halipigi teke tawi alilokalia baba yake. Ardis alimjibu kwamba alikuwa anajua hayo. Wakaibeba meza mpaka kwenye tela, wakaifunga kamba, na Curt akaondoka kabla ya chakula cha mchana, jambo ambalo si desturi yake.

Dalali wa nyumba aliitwa Renae Dvorak. Ofisi yake ilikuwa vyumba viwili kando ya posta, na alikuwa ameuza nusu ya nyumba za mji ule, nyingine mara mbili. Ardis aliingia Jumatatu akiwa bado na koti la kazi, akaketi, akafungua mkoba.

"Ngoja hapo hapo," Renae akasema. "Dada Ardis, kama hicho unachokitoa ni karatasi ninayoidhania, usinionyeshe kwanza. Nikishaiona nimeijua, na nikishaijua siwezi kujifanya sijaijua. Leseni yangu iko ukutani hapo, inanitazama."

Mkono wa Ardis ukabaki ndani ya mkoba.

"Umejuaje?"

"Curt alinipigia Jumamosi. Hakusema ni nini. Aliniuliza tu karatasi ya zamani ina nguvu gani, kwa mfano, tuseme, ya mtu fulani. Mdogo wako hajui kudanganya, sijui matrekta anayauzaje."

"Niambie sheria inasemaje, basi."

Renae alivuta fomu kutoka kwenye trei. Ilikuwa na kurasa kadhaa: paa, mabomba, maji kuingia, na ukurasa mmoja mzima wa radoni. Akaugeuza umwelekee Ardis.

"Sheria ya jimbo haikulazimishi kupima. Watu huwa wanashangaa, lakini ndivyo ilivyo. Unaweza kukaa juu ya gesi miaka hamsini, ukauza, ukaandika 'sijui', na ukawa huna kosa. Ila kama unajua, useme. Uandike unachokijua, uambatanishe karatasi za vipimo ulizonazo, umpe mnunuzi kabla hajatia saini. Ukificha halafu akagundua, anaweza kukupeleka mahakamani."

"Kwa hiyo mjinga anasamehewa."

"Mjinga anauza haraka," Renae akasema. "Mimi siitungi sheria, mama. Mimi naigawa tu. Walipokuwa wanaijadili kule bungeni Saint Paul, wengine walitaka kila nyumba ipimwe kabla ya kuuzwa. Madalali tukasema hapana, mtatukwamisha. Nilikwenda mwenyewe na basi la chama. Tulipewa sandwichi." Aligonga fomu kwa kidole. "Na jambo lingine. Anayejaza ni mwenye nyumba. Baba yako akili yake iko sawa?"

"Kuliko yangu."

"Basi fomu ni yake. Kaa naye. Atakachoandika, nitakipokea."

Jumapili Ardis alikwenda makao ya wazee baada ya ibada. Alimkuta baba yake mezani kwenye chumba chake, ameifungua redio ya jirani, skrubu zimepangwa kwenye kifuniko cha jamu. Milo alikuwa fundi wa nguzo wa ushirika wa umeme kwa miaka thelathini na minane, na hata sasa wauguzi walikuwa wanamfichia bisibisi.

Ardis aliweka fomu mbele yake. Milo aliisoma yote, polepole, kwa lenzi. Alisahihisha mwaka wa paa. Aliandika kwamba mlango wa gereji hugoma baridi ikizidi. Kwenye ukurasa wa radoni akaweka lenzi chini.

"Umefungua kisanduku cha swichi," akasema.

"Nilitaka kuzima friza."

"Friza iko swichi ya saba."

"Najua, baba. Mchoro nimeuona."

Milo alisogeza skrubu moja, akairudisha ilipokuwa. Nje, mtu alikuwa anapuliza majani kwa mashine, na wote wawili walimsikiliza mpaka akafika mwisho wa ukuta.

"Mama alijua?" Ardis akauliza.

"Hapana."

"Hukumwambia."

"Kile chumba nilikimaliza siku mbili kabla ya Krismasi," Milo akasema. "Alikuwa ametimiza miaka hamsini mwezi ule. Sakafu nilimwaga mimi, mbao nilipiga mimi, umeme nilivuta mimi, taa tatu ili asiharibu macho. Kila mgeni alishushwa chini akakione. Hata mchungaji. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Januari ushirika ulitugawia vikopo vya kupimia radoni, bure, kila fundi kimoja. Nikakiweka kwenye rafu ya nyuzi. Akaniuliza ni nini. Nikamwambia ni cha kupima unyevunyevu."

"Kwa nini unyevunyevu?"

"Ndicho kilichonijia." Alisugua kidole kwenye ukingo wa meza. "Majibu yalipokuja nilimwita fundi mmoja wa mji wa pili, Jeanette akiwa sokoni. Akasema atoboe sakafu, apitishe bomba mpaka juu ya paa, aweke feni ya kuivuta gesi nje. Kazi ya siku moja. Nikamwambia nitakupigia."

Ardis hakuuliza kama alimpigia.

"Ningemwambia nini?" Milo akasema. "Kwamba zawadi yako ina sumu? Nikasema nitafanya majira ya joto, nitamwambia ni kwa ajili ya unyevunyevu uleule. Majira ya joto ikaja mvua isiyokwisha, nguzo zikaanguka kata nzima, tulilala kwenye magari. Mwaka uliofuata sikusema. Kitu ukikaa nacho muda mrefu kinakuwa kama si chako."

"Na daktari alipouliza?"

"Aliuliza kama anavuta sigara. Hakuuliza sakafu."

"Ungeweza kusema."

"Ningeweza," Milo akasema.

Ardis alitaka kuinuka, aende kwenye gari, akae humo. Alitaka pia baba yake alie, na alipoona kwamba halii, alijua kwamba hata angelia isingesaidia kitu. Hakuna daktari ambaye angeweza kusema ni ile gesi. Inaweza kuwa moshi, inaweza kuwa hakuna sababu. Hilo alilijua, na baba yake alilijua, na kulijua hakukumpunguzia yeyote chochote. Akabaki kitini.

"Nipe kalamu inayoandika," Milo akasema. "Hii ya kwao inatema."

Aliandika kwa herufi kubwa, kama mafundi wa nguzo wanavyoandika kwenye ripoti za dhoruba ili mtu asome hata karatasi ikilowa. NILIPIMA FEB 1993, CHINI. 19.4. SIKUREKEBISHA. MKE WANGU ALIFANYA KAZI CHUMBA HICHO MIAKA MINANE. SIKUMWAMBIA. Akatia saini na tarehe, akamsogezea.

Renae alipoisoma kesho yake alivua miwani.

"Sentensi tatu za kwanza ni fomu," akasema. "Hizi mbili za mwisho ni ungamo, dada. Fomu haiulizi hilo. Mwambie aandike upya, nina nakala nyingi."

Ardis alimpigia baba yake palepale, akaweka simu mezani ili Renae naye asikie. Milo alisikiliza mpaka mwisho.

"Fomu inauliza ninachokijua?" akasema.

"Ndiyo, mzee," Renae akajibu. "Kuhusu nyumba."

"Hicho ndicho ninachokijua kuhusu nyumba."

Akakata simu. Renae alitazama ile leseni ukutani, kisha akaichukua fomu na ile barua ya maabara, akavitia pamoja kwenye faili.

Curt alipata habari kwa Ardis, kwa simu, na alichosema kuhusu baba yao hakikustahili kurudiwa. Hakuuliza tena habari ya bei. Alitaka kujua kitu kimoja tu, kama mama hakuambiwa kweli, na alipoambiwa ndivyo, akasema, "Mimi nilimsaidia kubeba zile mbao," akakata. Sikukuu ya Shukrani ya Novemba hakuja. Ardis alipeleka batamzinga kidogo na viazi kwenye makao ya wazee, akala na baba yake, wakazungumza habari za theluji.

Wanunuzi wa kwanza, vijana wawili waliolipenda sana jiko, walisoma ukurasa wa radoni na hawakurudi. Wa pili walikuwa Efraín na Yolanda Cantú. Efraín alifanya kazi kiwanda cha nyama ya batamzinga, mkewe alikuwa msaidizi wa daktari wa meno, na walikuwa na watoto watatu kwenye nyumba ya vyumba viwili. Yolanda alisoma fomu yote akiwa amesimama jikoni, akaurudia ukurasa ule mara mbili, kisha akauliza swali moja: inarekebishika? Renae akasema inarekebishika. Yolanda akasema basi irekebishwe kwanza, ipimwe tena, halafu watasaini.

Ardis alikuwepo fundi alipokuja. Alikuwa mtu mnene, mpole, akipiga mluzi. Alipima mara moja kabla ya kuanza, na kipimo kikasema 17. Kisha akatoboa sakafu ya chumba cha kushonea kwa mashine ya mviringo, akatoa kipande cha zege cha ukubwa wa sahani, na chini yake palikuwa na changarawe nyevu.

"Aliyemwaga sakafu hii alijua kazi," fundi akasema. "Imebana vizuri sana."

Kufikia saa tisa bomba jeupe lilikuwa limepanda ukutani mpaka juu ya paa, na feni ilikuwa inavuma kwa sauti ya chini, kama friji ya chumba cha jirani. Baada ya wiki walipima tena. Ilikuwa 1.7.

Saini zilitiwa Januari. Milo alisisitiza kwenda, na kigari chake cha kutembelea, na tai. Mezani Yolanda Cantú alimwambia, "Mzee, nilisoma ulichoandika."

"Vizuri," Milo akasema.

"Pole sana kwa mama."

Milo aliitikia kwa kichwa. Kisha akamwambia, kama anayemwachia mtu ufunguo, "Ile feni msiizime. Watu huizima wakichoka na mlio."

"Hatutaizima."

Ardis aliendelea kwenda kwa baba yake kila Jumapili. Kuna Jumapili alikaa saa nzima, na kuna nyingine alikaa dakika kumi, akaona uso wake, akaondoka. Hakuwahi kumwambia kwamba amemsamehe, na baba yake hakuwahi kuuliza. Kwenye chumba cha kupumzikia cha madereva alisimulia kisa hicho mara moja tu, kwa ufupi, na wiki iliyofuata madereva wanne walikuwa wameagiza vikopo vya kupimia. Wakawa wanataniana kwa namba zao, kama watu wanavyotaniana kwa samaki waliovua. Ya Ardis ilikuwa 6. Akamwita yule fundi mnene.

Mwishoni mwa Machi, theluji ikiwa imeanza kuwa tope, mlango wa chumba cha Milo ulifunguliwa Jumapili mchana na Curt akasimama kizingitini. Hakuvua kofia. Alimtazama dada yake, kisha akamtazama baba yake, ambaye hakuwa amemwona tangu mwezi wa kumi.

"Ya kwangu ilikuwa kumi na moja," Curt akasema. "Watoto wanalala chini."

"Umetoboa?" Milo akauliza.

"Nimetoboa. Wiki iliyopita."

"Uliwaambia kwa nini?"

"Niliwaambia."

Milo alisogeza redio na skrubu zake upande mmoja wa meza, ikapatikana nafasi ya kikombe kingine. Curt alisimama muda kidogo zaidi. Kisha akavua kofia, akaingia, na Ardis akatoka kwenda kutafuta kiti cha tatu.